Sara na Dorkas wa Nyota Nyekundu

Jumapili, 12 Januari 1975

Mvua imenifungia ndani na sina wa kugombana naye, basi nagombana na karatasi.

Kijiji chetu ni kipya kiasi kwamba hata mbwa bado wanapotea njia. Watu waliletwa hapa mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji, wakaacha maboma yao ya upande wa msitu wa Mgori, wakajengewa kwa mistari. Mimi nililetwa pia, ila kwa uhamisho: mwalimu wa kisomo cha watu wazima, binti wa mtu wa reli kutoka Itigi, mjuaji, mwenye hasira za karibu. Hayo mawili ya mwisho wameyaongeza wenyewe.

Luciana analea watoto wadogo wa kijiji wakati mama zao wako shambani. Mwezi wa kumi na moja alikuja kunisaidia kukandika nyumba, tukashinda na udongo mpaka viwikoni, na tangu siku ile tuko pamoja kwa namna ambayo hakuna anayeiuliza kwa sababu hakuna anayeifikiria. Nampenda. Nimeliandika, nimelisoma, na paa bado lipo.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, na mlenda. Darasani walikuja wachache, wote wamelowa.

Jumapili, 19 Januari

Gari la sinema limekatika ekseli kwenye korongo la njia ya Singida. Dereva amekwenda kutafuta spea, na mkalimani wao, yule anayewaeleza watu filamu inasema nini, amebebwa na homa mpaka hospitali. Aliyebaki kulinda vyombo ni mwendesha mashine, Gaspari, mtu wa Manyoni, mnene, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Vijana wamevuta jenereta na mashine yake mpaka kwenye ghala la kijiji. Ghala ni tupu, kwa hiyo tunaenea wote.

Alhamisi, 23 Januari

Tumeona filamu ya kuchimba choo mara tatu. Mara ya tatu watu walikuwa wanamsemea bwana afya maneno yake kabla hajayasema.

Jumamosi, 25 Januari

Gaspari ana sanduku jingine, zawadi ya nchi rafiki. Ndani yake mna makopo ya mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Tulimuuliza televisheni ni kitu gani, akasema ni sinema ndogo inayokaa sebuleni kwa mtu mmoja. Mama Mughwai, bibi ambaye hana jino wala hofu, aliuliza huyo mtu mmoja ana kosa gani mpaka aangalie peke yake.

Lugha ya mikanda hiyo haijui Gaspari, siijui mimi, hata maandishi ya juu ya makopo hayasomeki. Lakini sinema bila mkalimani hapa haiendi. Watu wanataka mtu asimame kando ya picha awaambie. Wakanisimamisha mimi, eti nina sauti ya ugomvi.

Kulikuwa na chombo kinachosafiri kati ya nyota, na nje ya dirisha lake nyota moja kubwa, nyekundu, naambiwa na Gaspari, maana picha yenyewe haina rangi. Ndani ya chombo wanawake wawili wanakimbia kwenye njia nyembamba. Mmoja, mrefu, anaanguka. Mwingine anamvua kofia ya kioo, anamshika uso kwa mikono miwili, anaweka paji la uso wake juu ya lake, na hapo picha inakaa muda mrefu. Ghala zima lilinigeukia.

Nikasema: "Huyu aliyekufa ni Sara. Anayemlilia ni Dorkas, mwenzake."

Majina niliyaokota tu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wanawake walilia kilio cha msiba hasa, na mkanda ukaisha hapo hapo. Luciana alikuwa ameketi karibu na mlango na mtoto wa mtu mgongoni. Alilia pia, lakini alikuwa ananitazama mimi, si ukuta.

Jumatatu, 27 Januari

Kijiji kina huzuni ya kweli. Mtu mmoja ameniambia shikamoo kwa sauti ya kunipa pole.

Jumamosi, 1 Februari

Kopo la pili, na Sara huyo hapo, mzima, anacheka. Ghala lililipuka. Wengine walitaka kutoka. Gaspari aliinama kwenye sanduku lake, akainuka na uso wa mtu aliyevunja chungu cha mkwe: makopo yalipangwa la kwanza chini na la mwisho juu, naye amekuwa akichukua la juu. Hadithi tunaianza mkiani.

Nikawaambia: "Hii ni kabla hajafa. Tunarudi nyuma."

Gaspari akajitolea kuanza upya kutoka chini. Ukawa mjadala mkubwa kuliko wa shamba la kijiji. Mama Mughwai ndiye aliyeukata: "Mwanetu tumeshamzika. Mkigeuza, tutamzika mara ya pili. Turudi hivyo hivyo, tumwone akiwa hai mpaka mwisho."

Mikono ikanyooshwa. Kwa hiyo katika kijiji hiki Sara anazidi kuwa hai kila Jumamosi.

Jumanne, 4 Februari

Luciana alikuja kuazima ungo, akakaa mpaka mvua ikakatika, ikaanza tena. Nilimwambia nimeomba kurudi Itigi. Kule nyumba ya mwalimu ina vyumba viwili, na chekechea yao inatafuta mlezi. "Njoo nami," nikamwambia. Alikuwa anachambua mchele wa kufikirika kwenye ungo mtupu.

"Na mama?"

"Mama atakuja baadaye."

"Mama hajawahi kwenda mahali baadaye. Alisombwa mara moja kwenye lori, ikamtosha."

Hakusema hapana. Nimeishi na hilo siku nzima.

Jumamosi, 8 Februari

Leo Sara na Dorkas walikuwa wanakula vidonge mezani. Mtu akasema afadhali yanga. Kisha Dorkas alimfunga Sara kamba za viatu, taratibu, huku Sara anamshika nywele. Mama Mughwai alinyoosha fimbo yake kwenye ukuta.

"Mwalimu, hao ni ndugu?"

"Si ndugu."

"Ni wake wenza?"

"Hakuna mume humo ndani, bibi."

Akafikiri. "Basi huyo ni mbuya wake."

Ghala lilicheka, kisha likamngoja mkalimani. Wazee wa hapa wanajua mbuya ni nini: yule mpenzi wa mtu aliyeolewa, ambaye nyumba inamfahamu na haimtaji. Hakuna ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake, ni moyo tu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mbuya wake. Wanapendana."

"Mimi nilishajua," akasema Mama Mughwai, akaweka fimbo chini. Basi, ikaisha hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Mtu mmoja nyuma akauliza kama huko kwenye nyota wana ng'ombe, nikasema hawana, wakawasikitikia kwa hilo tu.

Jumatatu, 10 Februari

Katibu wa tawi la chama, ndugu Urbano, ameniita ofisini. Si mtu mbaya. Anapenda kila kitu kiwe na mafunzo.

"Filamu ile mafunzo yake ni nini, Mwalimu?"

"Ushirikiano."

"Nasikia wanawake wa huko hawaolewi."

"Mimi natafsiri tu, ndugu Katibu."

"Unaijua lugha yao?"

"Hapana."

Akasema maombi yangu ya uhamisho yako mezani kwake, na karatasi ya mtu mtulivu husafiri upesi. Nikasema ndiyo ndugu. Nilitoka nje nikaenda kupiga teke ndoo yangu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna sinema. Katekista anasema Kwaresima si wakati wa nyota. Baadaye wamekubaliana kuwa filamu ya huzuni inaruhusiwa.

Jumamosi, 22 Februari

Sara na Dorkas wamegombana. Sijui kwa nini, nikawaambia watu Dorkas anataka washuke kwenye chombo wakaishi kwenye nyota ile, na Sara anaogopa. Niliongea sana. Nilisema maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu uso kwa uso, nikayaweka kinywani mwa Dorkas: kwamba woga hauna mwisho, ukiungoja uishe unazeeka mlangoni. Wanaume walikubali kwa vichwa. Luciana aliondoka kabla mashine haijazimwa.

Jumapili, 23 Februari

Luciana aliniambia: "Usinisemeshe tena mbele ya watu kwa mdomo wa mtu mwingine."

Ana haki. Nilimwomba radhi, na radhi zangu huwa zinatoka kama za kukopa, lakini hizi zilikuwa zangu.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua. Mafua. Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Jenereta imegoma, na afadhali. Wageni wamekuja kwa Mama Luciana kutoka Shelui, na mbuzi. Wanaposa. Mwoaji ni Andrea, mtu mzima kidogo, ana hoteli pale malori yanaposimama, wali na maharage kila siku ya Mungu. Nilitamani awe mlevi. Ni mpole, amenisalimia vizuri, ameuliza habari za kisomo.

Jioni nilikwenda kwa Mama Luciana. Ni mwanafunzi wangu, hushika chaki kwa nguvu hadi inavunjika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia. Na Luciana anataka?"

Alichochea moto. "Mwaka jana tulipofika hapa nilimpikia mwanangu majani. Majani, Mwalimu, kama mbuzi. Akaniambia matamu. Huko Shelui atakula." Kisha akaniuliza kama nimekula mimi, akanipa ugali wake, nikaula, nikamchukia kwa tonge la kwanza na nikashindwa kumchukia kwa la pili.

Jumatano, 12 Machi

Uhamisho umekubaliwa. Ndugu Urbano amenipa mkono. Naondoka baada ya mitihani ya mwezi wa nane. Nilikimbia kumwambia Luciana, kisha nikatembea, kisha nikasimama.

Nilimwambia bado kuna njia. Akasema, "Mama ameshakula mbuzi wao." Nikasema mbuzi analipika. Akasema, "Yustina, hukuwepo wakati wa majani." Alinishika mkono, akauachia alipoona mtoto anatutazama, na mtoto mwenyewe ana miaka miwili.

Nina hasira na kila mtu. Na waliomleta mama yake kwa lori, na mvua ya mwaka juzi iliyokataa kunyesha, na hii inayokataa kuacha. Na Luciana pia, kwa sababu ni mtoto mwema.

Jumamosi, 15 Machi

Kopo la kabla ya mwisho. Sara na Dorkas wamelala kwenye masanduku ya kioo, kila mtu lake, wanapelekwa mbali kwa miaka mingi, mikono imeelekea upande mmoja. Nilitafsiri vibaya, kwa kifupi. Watu walinilalamikia. La mwisho, Katekista anataka lingoje Pasaka ipite.

Jumapili, 23 Machi, ya Matawi

Tangazo la kwanza. Katekista alisimama na matawi yake, akasoma: Andrea wa Shelui na Luciana wa hapa kwetu wanataka kufunga ndoa, mwenye kujua kizuizi aseme. Anasema kwa upole, na hungoja kidogo, ni utaratibu. Wote hutazama juu wakati huo, kana kwamba kizuizi kitashuka na panya wa darini.

Kizuizi ni mimi. Nimevaa gauni la bluu, nimeketi upande wa kina mama.

Jumapili, 30 Machi, Pasaka

Tangazo la pili. Amefufuka, aleluya. Sikuimba.

Ijumaa, 4 Aprili

Gaspari ameshika kipande cha mkanda wa mwisho juani akakiangalia. Anasema ni siku wanayokutana Sara na Dorkas. Wako vijana, kuna watu wengi, wanapeana mikono. Kwa hiyo kijiji kizima kinasubiri kesho kuliko harusi.

Luciana alikuja mchana, akiwa amesukwa na shangazi za Andrea ambao wameshafika. Nywele zilimbana uso. Alisimama tu mlangoni.

"Kesho usiwakutanishe," alisema. "Picha itaonyesha wanavyotaka, lakini wewe waambie watu hawakujuana. Waambie walipishana tu, kila mmoja akaenda zake."

"Kwa nini?"

"Wasingejuana, yule asingelia vile."

Nikamwambia nitafanya. Angeniomba niuchome mkanda ningeuchoma. Kisha nikamuuliza, kwa sababu siwezi kuacha kitu kilale: nikisimama Jumapili nikasema, atasimama nami? Alitikisa kichwa, na machozi yakaruka. "Wewe utakwenda Itigi. Mama na mimi tutabaki na macho ya watu. Nakuomba, usiseme kitu."

Jumamosi, 5 Aprili

Ghala lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mashimo ya madirisha. Luciana alikuwa mbele kabisa, katikati ya shangazi wawili, kitenge kipya. Mama yake nyuma yao.

Ukutani palikuwa na chumba kikubwa kama stesheni, watu na mizigo, wote wanangoja kupanda chombo. Sara aliingia kwa upande huu. Dorkas kwa ule. Wanatembea kuelekeana na bado hawajaonana. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeirudia tangu asubuhi: Hawa wawili hawajuani, na hawatajuana.

Nikasema, "Hawa wawili." Na hapo sauti ya ugomvi niliyosifiwa ikakatika. Nilisimama mdomo wazi kando ya picha, na mwanga unaniwaka usoni.

Mama Mughwai hakuningoja. "Ndiye huyo," alimwambia Dorkas. "Geuka. Geuka, mwanangu, ndiye huyo."

Na kijiji kikachukua kazi yangu. Wanaume, wanawake, watu ambao bado hawawezi kuandika majina yao, wakawa wanawaelekeza. Asogee kushoto. Aache mzigo. Huyo mzee mwenye sanduku apishe. Nikasikia sauti ya Mama Luciana juu ya wote, amesimama kwa miguu yake: "Mshike mkono, atapotea kwenye watu hao."

Dorkas akageuka. Wakapeana mikono, wakacheka kwa aibu, na ghala likapiga makofi mpaka vumbi likashuka. Shangazi za Andrea walipiga pia. Luciana alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti, na mama yake, akidhani ni furaha, alimpapasa mgongo.

Jumapili, 6 Aprili

Tangazo la tatu.

Watu ni wale wale. Vinywa vile vile vya jana. Katekista aliuliza, akangoja, akangoja zaidi ya mara mbili zilizotangulia, au mimi ndivyo nilivyoona. Mama Mughwai alikuwa ameshika rozari na kutazama sakafu. Ndugu Urbano alifuta miwani. Luciana hakugeuka. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, na nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Yote mawili ni kweli, na sitajidanganya hapa kwamba ni moja tu.

Katekista akafunga kitabu, tukaimba. Leo niliimba, kwa sauti kubwa, ili niwe na sababu ya kupumua vile.

Jumamosi, 12 Aprili

Harusi. Nilipewa kazi ya kunawisha wageni mikono. Nilizunguka na beseni na birika. Nilipofika kwake alinyoosha mikono, nikamwagia maji, akaisugua taratibu kuliko kawaida, nami nikamimina taratibu mpaka birika likaisha na mtu nyuma akasema, "Mwalimu, na sisi."

Jumatatu, 14 Aprili

Wameondoka na lori la chumvi. Sikwenda barabarani.

Alhamisi, 24 Aprili

Spea imefika. Gaspari ameondoka na sanduku lake. Watoto wa chekechea wamepewa mlezi mwingine, wanamlilia yule wa kwanza kila asubuhi, kisha wanacheza.

Jumanne, 6 Mei

Mvua zimekatika kabisa. Mtama umeinama, watu wako mashambani kuanzia alfajiri, na darasa limebaki na vizee na wagonjwa. Leo alikuja Mama Luciana peke yake, na vumbi la shambani miguuni.

"Kuna lori linakwenda Shelui kesho," alisema. "Nataka nimwandikie mwenyewe. Nisiandikiwe."

Nikampa penseli na karatasi. Alianza na jina la mwanawe. Herufi moja moja, ulimi nje, jasho. LUCIANA. Kisha HUJAMBO. Kisha MIMI NIPO. Jua likahama kutoka mlangoni kwenda kwenye benchi. Alipofika mwisho aliinua kichwa.

"Na wewe una neno la kumwambia?"

Nilikuwa na maneno ya kujaza mwaka. "Mwambie mvua imekatika."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

Akaliandika, kwa kuuliza kila silabi. Halafu hakuniuliza tena. Alipeleka mkono chini kabisa ya karatasi, akaandika kwa taabu, akikinga kwa kiganja kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Nikadhani anaweka jina lake, maana hilo ndilo nililomfundisha. Alipotoa mkono niliona ameandika YUSTINA, bila kukosea hata herufi moja, jina langu, ambalo sijawahi kulifundisha darasani.

"Nimejifunza nyumbani," alisema. "Luciana alikuwa analiandika mara kwa mara kwenye majivu ya jikoni, anafuta. Nilikuwa sijui linasomekaje."

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya khanga, akarudi kuvuna.